Herufi ya jina kwa tepe za karatasi: bahari, kanga na karafuu ndani ya N moja

Herufi ya kwanza ya jina la mtu, iliyojazwa maumbo ya karatasi zilizoviringishwa, ni zawadi inayofaa harusi, arobaini ya mtoto, kuhamia nyumba mpya, hata kumuaga mwenzenu kazini. Ufundi wake, kwilingi, hautaki mashine. Unakata karatasi ziwe tepe nyembamba, unaziviringisha, unaziminya mpaka zipate umbo, kisha unazisimamisha kwa ukingo juu ya kadi ngumu. Video za kufundisha kuviringisha zimejaa kwenye simu, na mtu mwenye subira hujua ndani ya jioni moja. Kazi ngumu huja pale mwenye zawadi anaposema, "Nataka bahari iwemo, na kanga za mama, na karafuu za kwetu." Wengi hapo huigawa herufi mapande matatu, kila pande na mada yake, na matokeo yake ni mapande matatu yaliyonuniana. Kwa hiyo hapa nitapita haraka kwenye mambo unayoweza kuyapata popote, na nitakaa zaidi kwenye kuchanganya.

Mfano wetu ni N, iwe ya Nuru, Nassor au Neema. Nimeichagua kwa sababu ina nguzo mbili na mshazari mmoja unaoziunganisha, na mshazari huo ndio utakaobeba kazi ya kupatanisha. Ukiwa na H, mpatanishi ni kile kijiti cha katikati. Kwenye A ni hicho hicho, na kwenye M ni lile bonde. S, C na O hazina nguzo, kwa hiyo mada hubadilika taratibu kadiri mkunjo unavyokwenda. I na L ni nyembamba mno kwa mada tatu. Weka mbili, inatosha.

Mada kwanza, mkasi baadaye

Usimuulize mtu anapenda rangi gani. Atakwambia pinki, na hapo hujapata kitu. Muulize, au waulize wanaomjua, alikulia wapi, mikono yake hushinda ikifanya nini, na kitu gani hachoki kukitazama. Majibu ya maswali hayo matatu karibu kila mara yanatoa mada. Zikizidi tatu, chuja. Herufi ya sentimita 15 haina nafasi ya wasifu wa mtu mzima.

Tuseme Nuru wetu kazaliwa Pemba, nyumba yao iko karibu na pwani, shamba la babu lina mikarafuu, na mama yake ana sanduku zima la kanga. Nguzo ya kushoto tutaipa bahari. Ya kulia tutaipa karafuu na asumini. Mshazari utachukua kanga.

Kwa nini kanga ikae katikati? Kwa sababu ya korosho, lile umbo lenye tumbo na ncha iliyopinda ambalo kila anayevaa kanga analijua. Kwenye kwilingi korosho hutokana na umbo linaloitwa chozi: upande mmoja duara, upande wa pili ncha. Chozi likiachwa limenyooka ni mwili wa samaki. Likipindwa ncha ni korosho. Likibanwa na upande wa pili linakuwa jicho, yaani jani la mkarafuu. Ukiyapanga matano ncha zikiwa ndani, ni ua la asumini. Umbo moja limezaa vitu vya mada zote tatu. Anayetazama huenda asijue ni kwa nini jicho lake linateleza kutoka baharini hadi shambani bila kukwama, lakini sababu ni hiyo.

Hii ndiyo kanuni ninayoishikilia kuliko zote: kabla hujachora chochote, tafuta umbo moja linaloweza kuzaa kila mada. Kwa mtu wa Moshi anayelima kahawa na kupiga gitaa, umbo hilo ni yai. Yai dogo ni buni, yai lililolazwa ni kichwa cha nota ya muziki, yai lililovutwa likarefuka ni jani la mgomba. Kwa fundi cherehani mpenda mpira ni duara: kifungo, kibiringo cha uzi, mpira wenyewe. Usipolipata umbo la namna hiyo, badilisha mada moja.

Rangi

Rangi tano na nyeupe zinatosha. Kwa N hii nachukua bluu ya kilindi, samawati, kijani kibichi, damu ya mzee, manjano, na hiyo nyeupe. Kisha naweka sharti: hakuna rangi inayoishi upande mmoja tu. Chora safu tatu kwenye karatasi ya kawaida, bahari, kanga, karafuu, halafu weka alama pale kila rangi itakapotokea. Rangi yenye alama moja ama uitafutie kazi kwingine ama uiondoe.

Damu ya mzee, kwa mfano, ni ya kanga kwanza. Lakini matumba ya karafuu yakikaribia kuchumwa huanza kuwa mekundu, kwa hiyo inaingia shambani bila kulazimishwa, na baharini itakuwa pezi la samaki. Nyeupe ni povu la wimbi, ni vidoa vya kanga, ni asumini. Manjano ndiyo yenye shida, kwa sababu baharini haina kwao. Nitaipa jicho la samaki mmoja, na itatosha.

Nyeusi naikwepa. Ikisimama kwa ukingo inameza vivuli vya maumbo ya jirani, na vivuli ndivyo vinavyoipa kazi hii uhai.

Karatasi

Kwenye kwilingi mtazamaji haoni uso wa karatasi, anaona ukingo. Karatasi iliyochapwa rangi juu tu ina moyo mweupe, na ukiisimamisha, herufi yako yote itakuwa na mistari myeupe. Jaribio ni kuichana kidogo pembeni dukani: kama mchano ni mweupe, iache. Tafuta karatasi iliyotiwa rangi mpaka ndani. Umuhimu wa ukingo si jambo la leo. Watawa wa Ulaya waliopamba vitu vya kanisani kwa tepe za karatasi karne nyingi zilizopita walizipenda tepe zenye ukingo wa dhahabu, na ndiyo maana kazi zao hung'aa kama madini.

Uzito mzuri ni gramu 120 kwa mita ya mraba. Zile karatasi za rangi za kutolea kopi, gramu 80, zinafaa kwa maumbo ya ndani lakini hunywea zikikaa nje. Kwa ukuta wa herufi tumia manila ya gramu 160 au zaidi, na kwa kitako chukua kadi ngumu kabisa isiyopinda ikipata gundi. Fundi fremu huwa ana mabaki ya kadi za kuzungushia picha, mwombe.

Kata tepe za milimita 5 kwa rula ya chuma na kisu cha karatasi chenye wembe mpya. Pima juu na chini ya ukurasa, usipime upande mmoja ukaamini jicho. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, kwa hiyo unatoa tepe karibu 40 zenye urefu wa sentimita 29.7, ukitoa zile za mwanzo na mwisho zinazokwenda mrama. Kurasa mbili za kila rangi zinakutosha na kubaki.

Vifaa vingine ni vya nyumbani. Cha kuviringishia kinatengenezwa kwa shazia au sindano yoyote kubwa: kata juu ya tundu kwa koleo ili tundu liwe mfano wa uma wenye meno mawili mafupi, kisha chomeka upande wa ncha kwenye ganda la kalamu ya biki na ukaze kwa gundi. Funga jicho au geuza uso unapokata, chuma huruka. Utahitaji pia kibano, pini chache, vijiti vya meno, gundi nyeupe ya kawaida, na kandambili kuukuu ya kuchomekea pini. Ile rula ya maumbo ya wanafunzi, yenye matundu ya duara ya kila ukubwa, ni ya lazima. Bila hiyo machozi yako yatatofautiana kama watu sokoni.

Halafu zima feni. Atakayeshindwa na joto afungue dirisha la upande asiokaa.

Mwambao, hasa wakati wa masika, karatasi hunywa unyevu na koili, yaani tepe zilizokwisha viringishwa, hulegea zenyewe. Weka tepe kwenye kopo lenye mfuniko, toa zile unazozitumia tu, na ufute viganja kwa kitambaa kikavu kila baada ya muda.

Herufi na ukuta wake

Chapa N nene isiyo na vipembe vya mapambo: kimo sentimita 15, upana 13, unene wa nguzo sentimita 3. Ukubwa huo unakaa vizuri ndani ya fremu ya sentimita 20 kwa 25. Paka penseli laini nyuma ya karatasi uliyochapa, ilaze juu ya kitako, pitisha kalamu juu ya mistari. Itabaki alama hafifu, na hiyo inatosha. Mistari mizito haifutiki vizuri na itaonekana chini ya ukuta.

Ukuta ni tepe mbili za manila za milimita 5 zilizogandishwa uso kwa uso. Tepe moja hupinda kila unapoigusa. Nautengeneza wa damu ya mzee, kwa sababu rangi hiyo imo kwenye mada zote tatu na kwa hiyo haipendelei upande. Mzunguko wa N hii ni kama sentimita 86, kwa hiyo andaa tepe nane ili upate vipande vinne vya tabaka mbili, na ziada ya kupishanisha. Pembe ni kumi. Zitie alama ya penseli, pitisha mgongo wa kisu kwa wepesi kwenye alama, ndipo ukunje. Maungio ya vipande yawe pembeni kabisa, kwenye kona, kamwe yasiwe katikati ya mstari ulionyooka.

Gundi usiimimine kwenye kitako. Paka utando mwembamba juu ya mfuniko wa plastiki, buruza ukingo wa utepe juu yake, subiri sekunde chache ianze kunata, halafu usimamishe juu ya alama kwa kibano. Anza na mstari mrefu wa nje wa nguzo ya kushoto, maana ukinyooka huo mingine inaufuata. Acha ukuta ukauke saa nzima kabla ya kuweka kitu ndani.

Chozi

Chukua nusu ya utepe, sentimita 15. Chomeka ncha yake kwenye uma wa sindano, ncha isitokeze upande wa pili. Zungusha sindano kwa mkono mmoja huku kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili vikiuongoza utepe, vikiugusa bila kuuvuta. Ukivuta, moyo wa koili utakuwa mgumu na hautafunguka sawasawa. Ukifika mwisho, ichomoe taratibu na uitumbukize kwenye tundu la milimita 12 la rula. Itajifungua yenyewe mpaka ijae. Hapo ndipo unapogandisha mkia, kwa tone la gundi la ukubwa wa kichwa cha pini.

Sasa ishike kwa vidole viwili. Kwa pini, sogeza moyo wa koili uende upande mmoja mpaka mizunguko ya upande huo ibanane na ya upande wa pili iachane. Minya upande wenye nafasi. Minya palepale mkia ulipoishia, ili kiungo kifichwe na ncha. Ukiliachia, chozi litakuwa na urefu wa sentimita moja na nusu na zaidi kidogo, lenye tumbo lililojaa mistari inayobanana na shingo ya mistari inayoachana. Hilo ndilo unalotaka. Kama mistari imejirundika ovyo, tatizo huwa limeanza kwenye kuvuta.

Eneo lote la ndani ya N hii ni kama sentimita za mraba 125, na koili ya milimita 12 inachukua kidogo zaidi ya sentimita moja ya mraba. Tengeneza machozi 60 ya rangi mbalimbali kabla ya kupanga chochote. Usiyape kazi bado. Utayageuza kuwa samaki au korosho ukishaona mahitaji.

Kugeuza kwenyewe ni rahisi:

Samaki: chozi la bluu ya kilindi au samawati, na mkia wa machozi mawili madogo ya utepe wa sentimita 7 yakiwa yameachana. Pezi ni kipande cha sentimita 3 cha damu ya mzee kilichopindwa kama hilali. Jicho ni punje, yaani koili iliyokazwa isiyoachiwa kufunguka.

Korosho: pinda ncha ya chozi kwa kuizungusha kwenye penseli, halafu zungushia nje utepe wa rangi nyingine mara mbili. Huo mzunguko wa nje ndio utakaofanya kazi kubwa kwenye mshazari, usiuruke.

Asumini: machozi matano meupe ya utepe wa sentimita 10, punje ya manjano katikati.

Karafuu: kikonyo ni kipande cha kijani cha sentimita moja na nusu kilichokunjwa mara mbili, juu yake hilali mbili ndogo za kijani zinazotazama nje, na punje ya damu ya mzee iliyokaa katikati ya hilali hizo. Panga tatu au tano kwenye shada moja. Moja peke yake inaonekana kama msumari.

Mawimbi: utepe wa sentimita 12, viringisha ncha moja tu nusu njia kisha uachie. Yapange yakipandana, bluu ya kilindi chini, samawati juu yake, na moja moja jeupe la povu.

Tanga la ngalawa: koili nyeupe iliyobanwa pembe tatu. Liwe moja kwenye herufi nzima, na liinamie upande wa mshazari, kana kwamba chombo kinakwenda huko.

Mshazari

Watu huanza kujaza juu kushoto, kama wanavyoandika. Wakifika kwenye mshazari wanakuta mapengo yasiyotoshea kitu na wanayajaza punje. Anza na maungio mawili: juu, pale mshazari unapoacha nguzo ya kushoto, na chini, pale unapoifikia nguzo ya kulia. Bila gundi. Kila kitu kwanza kilazwe kikavu.

Kitu cha kwanza kuweka ni mstari mmoja mrefu unaopita kwenye herufi yote. Gandisha utepe wa bluu ya kilindi mwisho kwa mwisho na utepe wa kijani, vikipishana milimita chache, ukiongeza urefu kila unapohitaji. Mstari huo unaanzia chini ya nguzo ya kushoto kama mgongo wa wimbi, unapanda ukiyumbayumba hadi juu, unashuka na mshazari, kisha unapanda tena nguzo ya kulia kama tawi linalobeba mashada ya karafuu. Pale bluu inapokutana na kijani pawe kwenye mshazari, katikati ya korosho mbili zinazogusana, ili kiungo kisionekane. Mtu akifuatisha kwa kidole ataanza na maji na kumaliza na makonyo, asijue alivuka wapi.

Kisha zipange korosho mbili mbili, moja kila upande wa mstari, kama kumi hivi kwa urefu wa mshazari wote. Matumbo ya zote yabaki damu ya mzee. Kinachobadilika ni ule mzunguko wa nje: za juu bluu ya kilindi, zinazofuata samawati, za katikati manjano, za chini kijani. Kwa njia hii kanga inabaki kanga, lakini ukingo wake unachukua rangi ya jirani. Ncha zote zielekee chini kulia. Ukizigeuza huku na huku, mshazari utaonekana unatikisika.

La tatu ni wageni. Samaki mmoja aingie kwenye mshazari kutoka kushoto, nusu yake ikiwa bado kwenye nguzo yake. Ua moja la asumini liteleze kutoka kulia, likae kati ya korosho za chini. Mmoja kila upande, basi. Wakiwa wawili wawili kanga inapoteza mji wake, yaani lile eneo lake la katikati.

Sasa rudi nyuma mita mbili na ufumbe macho nusu. Au ipige picha kwa simu, uigeuze iwe ya rangi nyeusi na nyeupe. Unatazama mambo mawili tu. Je, bado inasomeka N? Je, nguzo moja ni nyeusi kuliko nyenzake? Bahari kwa kawaida huelemea giza. Ondoa wimbi moja au mawili ya bluu ya kilindi, ongeza povu. Kama karafuu ndizo zilizokolea, badilisha baadhi ya majani yawe mistari mitupu ya kijani isiyojazwa.

Ukijaza nguzo zenyewe, fanya hivyo kuanzia kwenye maungio kwenda mbali. Vitu vikubwa kwanza, vya kati, halafu punje kwenye nyufa. Maumbo yagusane bila kusukumana. Ukiona ukuta umevimba nje, toa kitu kimoja, usibishane nao. Na si kila pengo ni la kuzibwa: kitako kikionekana hapa na pale, hasa kati ya tanga na mawimbi, macho yanapumzika. Kujaza kila tundu ni ugonjwa wa kwilingi.

Kugandisha

Piga picha ya karibu ya kila nguzo na ya mshazari kabla ya kugusa chochote, maana ukishatoa umbo la tatu hukumbuki la kwanza lilitazama wapi. Nyanyua moja moja kwa kibano, gusisha chini yake kwenye utando wa gundi, lirudishe. Anza na ule mstari mrefu, kisha korosho, kisha utoke nje kuelekea miisho ya nguzo. Gundi ikivuja, ifyonze papo hapo kwa ncha ya brashi yenye maji kidogo. Ikikauka inang'aa, na kila mwanga utaionyesha.

Jina chini ya herufi

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Nafasi chini ya N ni mahali pazuri pa jina: neno au mstari mfupi anaoujua mwenye zawadi, au tarehe. Liandikwe kwa wino kwenye kitako kabla ya kugandisha chochote, kwa mkono wenye mwandiko mzuri, hata kama si wako.

Kwa familia nyingi za pwani, na jamaa walioko Oman, herufi ya Kiarabu huwagusa zaidi. Nuni, yaani N ya Kiarabu, inafaa mno kwa mchanganyiko huu: bakuli na nukta moja juu yake. Bakuli ni bahari upande mmoja na karafuu upande wa pili, korosho kwenye tumbo la chini zinapokutana, na nukta ni ua moja kubwa la asumini. Hesabu za ukuta zitabadilika kwa sababu hakuna pembe nyingi. Mikunjo ya bakuli ipitishe kwanza kwenye chupa ili karatasi izoee kupinda.

Fremu na matunzo

Fremu iwe na kina cha angalau sentimita moja na nusu, kioo kisiguse karatasi. Ikiwa fundi hana fremu nene, aweke vipande vya mbao nyembamba pembeni kati ya kioo na kitako. Usipake vanishi. Shanga za karatasi za Uganda zinaivumilia kwa sababu zimekazwa mpaka ndani. Koili zilizoachiwa hunywa vanishi, zikavimba na kufunguka. Usitumie pia gundi ya uji wa ngano, hata kama shuleni mliitumia, kwa kuwa wadudu wa ndani ya nyumba wanaipenda kuliko wewe. Itundikwe mbali na jua la moja kwa moja na mvuke wa jikoni. Vumbi likiingia, brashi laini ya poda ya uso inatosha.

Ukifanya kwa kuuza, chukua malipo ya awali kabla ya kukata utepe wa kwanza, maana herufi yenye kanga ya mama wa mtu haiuziki kwa mtu mwingine. Ikisafiri kwa basi au boti, isimamishwe wima ndani ya boksi, gazeti pande zote, na mwambie mpokeaji asiilaze kifudifudi. Nyuma ya fremu bandika bahasha ndogo yenye tepe mbili tatu za kila rangi uliyotumia, ili punje ikidondoka mwenyewe aweze kuviringisha nyingine ya rangi ileile.